Msimchagulie Haruki: barua ya wazi kwa wenye White Album 2

Kwa wakuu wa Aquaplus. Kwa Bwana Fumiaki Maruto, mwandishi wa hadithi. Na kwa yeyote atakayekalia kiti kwenye kamati ya uzalishaji siku kazi hii itakapofufuliwa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya nusu ya hadithi. White Album 2 ni hadithi ya mapenzi ya Kijapani iliyoanza kama mchezo wa kompyuta: kijana Haruki kati ya wasichana wawili, Setsuna na Kazusa. Nusu yake ya kwanza ilionyeshwa kwenye televisheni kama anime, yaani katuni za Kijapani, kuanzia Oktoba hadi Desemba 2013, episodi 13, ikaishia uwanja wa ndege, Kazusa akiondoka kwenda Vienna. Nusu ya pili, iliyo ndefu na nzito zaidi, imebaki ndani ya mchezo. Naomba itengenezwe. Na ikitengenezwa, naomba msimchagulie Haruki msichana.

Wasomaji wenzangu ambao hawajaufikia mchezo huu wajue kwamba nitataja yaliyomo mpaka karibu na mwisho. Siwezi kuomba huku nikificha ninachokiomba.

White Album 2 ni mchezo unaosomwa zaidi ya kuchezwa. Skrini inakuonyesha mahali, sura ya anayezungumza, na maneno yake chini, huku sauti yake ikisikika. Unasoma kwa saa nyingi kama unavyosoma riwaya, halafu hadithi inasimama na kukuuliza: umpigie simu au usimpigie? Umfuate au urudi nyumbani? Jibu lako linakupeleka kwenye njia moja na kukufungia nyingine. Ukitaka kuijua ile iliyofungwa, lazima urudi nyuma uanze tena, safari hii ukiwa unajua yaliyokupata kule ulikotoka. Leaf, chapa ya Aquaplus, ilitoa Sura ya Utangulizi, ile nusu ya kwanza, Machi 2010 na Sura ya Kufunga Desemba 2011.

Utangulizi hauna njia panda hata moja. Haruki Kitahara, mwanafunzi mwenye bidii asiyejua gitaa sawasawa, anapiga gitaa peke yake katika chumba cha muziki. Piano inamjibu kutoka chumba cha jirani, kisha sauti ya msichana inaimba kutoka juu ya paa. Piano ni ya Kazusa Touma, anayekaa dawati la pembeni yake darasani na asiyetaka kuzungumza na mtu. Sauti ni ya Setsuna Ogiso, msichana anayependwa na shule nzima na asiye na rafiki wa kweli. Wanakuwa watatu, wanapanda jukwaani kwenye tamasha la shule, na baada ya tamasha Setsuna anamwambia Haruki kwamba anampenda. Ana haraka kwa sababu ameshaona kwamba Kazusa naye anampenda, na anaogopa wawili hao wakiungana yeye atabaki nje. Haruki anakubali. Kila kitu kinachofuata kinatoka katika kukubali kule.

Mlifanya vizuri sana mwaka ule wa 2013. Studio Satelight na mwongozaji Masaomi Ando walimwachia Bwana Maruto mwenyewe kuandika skripti zote, jambo ambalo waandishi wengi wa michezo ya aina hii hawalipati. Sauti zilibaki zilezile za mchezo, Hitomi Nabatame kwa Kazusa na Madoka Yonezawa kwa Setsuna. Na kwa kuwa utangulizi ni mstari mmoja ulionyooka, hakuna aliyelazimika kuamua nani abaki na nani akatwe. Mliipokea hadithi ikiwa nzima mkaitoa ikiwa nzima.

Sura ya Kufunga haitawapa urahisi huo, na nadhani hapo ndipo mradi ulipokwama.

Inaanza miaka mitatu baadaye. Haruki yuko chuo kikuu, amehama kitivo ili asikutane na Setsuna kwenye korido, anajizika katika kazi za muda, moja baada ya nyingine. Setsuna bado anamsubiri na ameacha kuimba. Mbele ya Haruki wapo wanawake wengine watatu: Koharu Sugiura, mwanafunzi wa sekondari aliye mgumu wa tabia na mwenye kuingilia mambo ya watu kama Haruki mwenyewe alivyokuwa, Chiaki Izumi, mwigizaji wa jukwaani, na Mari Kazaoka, bosi wake kwenye ofisi ya jarida. Kila mmoja ni njia ya kutoka. Anayekubali kurudi kwa Setsuna anaingia Coda, sehemu ya mwisho, miaka miwili mbele zaidi, Haruki akiwa mfanyakazi aliyetumwa Ufaransa wakati wa Krismasi. Kule Strasbourg anakutana na Kazusa. Kuanzia hapo mchezo unakuuliza swali lilelile la usiku wa tamasha, sasa watu wakiwa wazima, wana kazi, wana wazazi waliokwisha kuzoeana, wana pete inayosubiri.

Wahenga wetu walisema njia mbili zilimshinda fisi. Haruki ni fisi yule kwa hadithi nzima. Haumizi watu kwa sababu ni mkatili. Anawaumiza kwa sababu kila anayemwonea huruma anamwendea, na huruma yake inazaa kidonda kipya kwa yule aliyeachwa. Mwandishi alichokifanya, na ambacho riwaya ya kawaida isingekifanya kwa urahisi, ni kukulazimisha wewe mwenye kidole juu ya kitufe uwe fisi huyo kwanza, halafu uache. Ukimchagua Setsuna unalipa kwa macho ya Kazusa. Ukimchagua Kazusa unaacha kazi, marafiki na nchi, na mchezo haukuachi ukimbie bila kuwaaga watu hao mmoja mmoja. Huwezi kusema mmoja wa wanaume hawa ndiye Haruki wa kweli na mwingine ni makosa ya uchapaji. Wote wawili wametoka kwa kijana yuleyule mwenye gitaa, na mtu aliyepita njia zote mbili anajua hivyo kwa sababu alikuwepo.

Sasa televisheni inakwenda mbele tu. Hakuna kurudi nyuma. Mkishika skripti, kitu cha kwanza mtakachoambiwa ni kuchagua mshindi. Naomba nieleze kwa nini nadhani hilo lingeua kazi hii, ingawa limefaulu kwa nyingine.

Lilifaulu kwa Clannad, mchezo mwingine wa aina hii. Kyoto Animation, kati ya 2007 na 2009, walimpa Nagisa, mmoja wa wasichana wake, hadithi yote, wakawaweka wenzake Tomoyo na Kyou katika episodi za nyongeza zilizotoka kwenye diski. Nilizitazama na nikaziheshimu, lakini Clannad inahusu familia; ndoa ya Nagisa ni mlango wa kuingilia jambo kubwa zaidi, na mlango mmoja ulitosha. White Album 2 haina jambo kubwa zaidi lililojificha nyuma ya mapenzi. Mapenzi, na gharama yake kwa mtu wa tatu, ndilo jambo lenyewe. Mkiondoa njia moja mmemwondolea mtazamaji gharama.

Kuwabana wanawake wote ndani ya mstari mmoja ni kubaya zaidi, na ninyi wenyewe mnakufahamu: White Album ya kwanza, mchezo wa 1998, ilipofika televisheni mwaka 2009, Touya, mhusika wake mkuu, alionekana mtu anayezunguka mlango hadi mlango. Katika mchezo alikuwa wanaume kadhaa, kila mmoja na uzito wake. Kwenye anime akawa mmoja mwenye dhambi za wote. Watazamaji walimchukia, na sidhani kama kosa lilikuwa la Touya.

Amagami SS ya 2010 ilipata dawa nyingine: wasichana sita, kila mmoja episodi nne, na kila arki, yaani hadithi ya msichana mmoja, ikirudi kwenye Krismasi ileile iliyomvunja moyo Junichi, mhusika mkuu. Ni kazi nyepesi, ya furaha, na ilikuwa na ujasiri wa kusema wazi kwamba kila mwisho ni halali. Episodi nne haziwezi kumbeba Kazusa, lakini ujasiri ule naomba muuazime.

Na Steins;Gate, mwaka 2011, ilifanya kitu ambacho bado kinanishangaza kila nikikifikiria. Haikuzificha njia za mchezo wala kuzitawanya. Ilizimeza. Okabe, mhusika mkuu, anapofuta mmoja baada ya mwingine ujumbe uliotumwa nyuma kwa wakati, ili kumwokoa rafiki yake Mayuri, kila anachokifuta ni maisha ya mtu aliyempenda au aliyemtegemea, na katika mchezo kila mmoja wao alikuwa mwisho unaoweza kubaki nao. Mtazamaji anapita kwenye njia panda zote akiona kilichoachwa. Baadaye, mwaka 2015, episodi ya 23 ilirushwa tena ikiwa na mwisho tofauti, na ule mwisho tofauti ukawa mlango wa Steins;Gate 0 ya 2018. Hiyo ni televisheni iliyokubali kugawanyika. Hakuna aliyepotea njiani.

Hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi na ninachoomba ni Fate/stay night. Mchezo wa 2004 una njia tatu. Studio Deen mwaka 2006 walifuata ya kwanza huku wakichanganya vipande vya nyingine, na mchanganyiko ule ulizichosha zote. Studio Ufotable wakaja wakatenganisha: Unlimited Blade Works kwenye televisheni 2014 na 2015, kisha Heaven's Feel kwa filamu tatu, 2017, 2019 na 2020. Mwanzo ni mmoja, usiku ni uleule, watu ni walewale, na hatima zinapishana. Filamu ya kwanza ilikabili vizuri sana tatizo la kurudia: matukio ambayo watazamaji walishayaona yalipitishwa upesi wakati majina ya watengenezaji yakionekana, halafu hadithi ikakata kona yake. Watu walikaa kwenye viti vya sinema wakitazama dakika zile bila maneno, na walielewa kwamba safari hii Shirou, mhusika mkuu, atamwangalia Sakura. Watazamaji wana akili. Wapeni nafasi ya kuitumia.

Basi ombi langu ni hili. Sura ya Kufunga iwe mfululizo wa televisheni, kwenye njia ya Setsuna, kwa sababu ndiyo inayoelekea Coda na kwa sababu kurudi kwa sauti yake ndiko kunakofungua mlango. Coda iwe filamu mbili. Moja ya Setsuna, moja ya Kazusa. Zitoke siku moja, kwa hadhi moja, bila namba moja na mbili, bila tangazo linalonong'ona kwamba hii ndiyo halisi. Zote mbili zianzie Strasbourg, kwa michoro ileile, neno kwa neno, mpaka pale Haruki anapoamua.

Nasisitiza michoro ileile. Mtu aliyepita njia mbili za mchezo anajua kwamba sentensi aliyoisoma mara ya kwanza kama faraja huisoma mara ya pili kama uongo. Hakuna kilichobadilika isipokuwa anachokijua yeye. Filamu mbili zenye mwanzo mmoja zinaweza kumfanyia mtazamaji hivyohivyo: atamwona Setsuna akicheka kwenye simu, fremu kwa fremu kama alivyomwona wiki iliyopita, na safari hii atashindwa kuvumilia. Sijui njia nyingine ya kuipa anime kile ambacho mchezo unakipata kwa kukurudisha nyuma. Na kwa wahasibu, michoro inayotumika mara mbili inalipwa mara moja.

Koharu, Chiaki na Mari wasifutwe. Najua hapa nitaulizwa fedha, na sina jibu linalowatosha wote. Mfululizo ukiwa wa episodi 24 au 26, waingie kama watu wenye maisha yao, ambao Haruki anawakaribia na kuwaacha, na tuuone mlango ukifungwa. Chiaki hasa. Njia yake ndiyo iliyoandikwa kwa ujanja mkubwa kuliko zote, na kama kuna episodi moja tu ya nyongeza inayowezekana, nitaiomba iwe yake, hata mbele ya Mari ambaye wengi wetu tunampenda zaidi.

Kuna watakaowashauri mweke vitufe. Netflix ilijaribu mwaka 2018 na filamu ambayo mtazamaji anachagua kwa rimoti. Tafadhali msifanye hivyo. Katika White Album 2 chaguo lina uzito kwa sababu linakuja baada ya saa nyingi za kuwasikiliza watu hawa wakizungumza mambo madogo: chakula, baridi, masomo, nyimbo. Mtu aliyewafahamu kwa dakika arobaini akipewa kitufe atabonyeza kuona kitatokea nini tu. Bora kumpa filamu mbili kamili na kumwachia uamuzi mmoja: aanze na ipi. Huo peke yake utamfanya ajiulize.

Na wapo watakaopendekeza mwisho mpya, ulioandikwa kwa ajili ya anime, ambamo wote watatu wanaelewana na theluji inaanguka bila kutuambia Haruki alikwenda na nani. Ombi langu la pili kwa ukubwa ni kwamba mwisho huo ukataliwe siku ya kwanza kikaoni. Kumwacha Haruki bila kuamua ni kumrudisha pale alipoanzia, na kuwaambia Setsuna na Kazusa kwamba miaka yao yote haikutosha kupata jibu.

Juu ya muziki nitasema zaidi kidogo, kwa sababu nawaandikia kutoka mahali ambapo jambo hili linaeleweka haraka. Huku pwani yetu tumelelewa na taarabu. Tunajua wimbo unavyobeba neno ambalo mtu hawezi kumwambia mwenzake usoni, na tunajua mwimbaji anaweza kusimama mbele ya ukumbi akaimba maneno yanayomchoma yeye mwenyewe huku watu wakitunza. Ule wimbo wa tamasha la shule, Todokanai Koi, ndani ya hadithi maneno yake yameandikwa na Haruki, muziki umetungwa na Kazusa, na anayeuimba ni Setsuna. Yaani Setsuna anasimama jukwaani akiimba, kwa sauti yake nzuri, mapenzi ya mwanamume anayempenda kwa mwanamke mwingine, kwenye lahani ya mwanamke huyohuyo. Mtu wa hapa hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Naomba nyimbo ziachwe zimalizike, zisikatwe beti ya kwanza ili kupisha mazungumzo. Na naomba Sura ya Kufunga iwe na ujasiri wa ukimya wa Setsuna: episodi nyingi zipite bila yeye kuimba hata mstari, bila hata wimbo wa kufunga wenye sauti yake, ili siku inaporudi tuisikie kwa uzito wa miaka mitatu.

Kuhusu yale mambo ya utu uzima yaliyomo katika toleo la kompyuta, sioni kizuizi. Toleo la PlayStation 3 la Desemba 2012 liliyaondoa na hadithi ikasimama. Yanayouma katika Coda yanasemwa mtu akiwa amevaa koti, kwenye baridi, mara nyingi kwa simu.

Najua kamati ya uzalishaji inavyofanya kazi: kampuni kadhaa zinachangia, kila moja inataka kujua fedha yake itarudi kwa njia gani, na mfululizo unaorudi baada ya miaka mingi unaonekana hatari kuliko kitu kipya. Lakini muda mrefu haujawa kifungo kwa kazi za aina hii. Kanon ilitengenezwa na Toei mwaka 2002 kwa episodi 13. Kyoto Animation wakaianza upya mwaka 2006 kwa episodi 24, na hiyo ndiyo ambayo watu wanaikumbuka. Summer Pockets, mchezo wa 2018, ilifika televisheni mwaka 2025 na ikapewa episodi 26. Wapo watu wanaokubali kukaa na hadithi ndefu ya mapenzi kwa nusu mwaka. Tangu 2013 wameongezeka, na wengi hawako Japani. Sisi wa Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi tunaitazama anime kwenye simu kwa vifurushi tunavyovihesabu, na tukikipenda kitu tunakirudia na kukibishania mpaka usiku. Soko letu ni dogo kwenye vitabu vyenu, nalijua hilo. Siwaombi mtengeneze kwa ajili yetu. Naomba mjue tu kwamba Haruki anabishaniwa hata kwa Kiswahili, na kwamba upande wa Setsuna na upande wa Kazusa huku hazijapatana mpaka leo.

Kwa Bwana Maruto nina neno la pembeni. Wewe uliandika njia zote hizi na hukuipunguzia nguvu hata moja ili nyingine ionekane bora. Msomaji wa Setsuna akiingia njia ya Kazusa anatarajia kukuta hadithi ya makosa, na anakuta mapenzi. Ukiitwa kwenye kikao na kuambiwa uchague, umeshalijibu swali hilo mwaka 2011 kwa kukataa kuchagua. Tafadhali kataa tena, na ukubali kuandika skripti zote kama ulivyofanya kwanza, hata kama itabidi tusubiri.

Waheshimiwa wa Aquaplus, mkianza na tangazo la Sura ya Kufunga peke yake, tutashukuru. Mkiona filamu mbili kwa siku moja haziwezekani, tenganisheni kwa mwezi, tutasubiri. Msipopata Satelight, tafuteni studio itakayosoma mchezo wote kabla ya kuchora fremu ya kwanza. Haya yote yanajadilika. Lisilojadilika kwangu ni kwamba Coda ikitoka na mwanamke mmoja tu, itakuwa hadithi nyingine yenye majina yaleyale, na ile ya 2011 itabaki bila kuonyeshwa.

Ni mimi, msomaji na mtazamaji wenu wa Mombasa.